Ardhi Waliyoachiwa Mbwa

Mbwa wangu anaitwa Simba, jina ambalo nusu ya mbwa wa Nairobi wanalo. Tunakaa ghorofa ya tatu, ploti haina ua, na kila siku saa kumi na mbili asubuhi tunashuka ngazi kutafuta mahali pa kukimbia. Hatupati. Kuna barabara ya murram iliyojaa bodaboda, kuna uwanja wa shule wenye kufuli, na kuna kipande cha ardhi ambacho hadi juzi watoto walikuwa wanachezea mpira. Sasa kimezungushiwa mabati na kuandikwa kwa rangi nyekundu: ploti hii haiuzwi. Siku moja nilimfungua kamba nikidhani tuko peke yetu. Mama mmoja aliyekuwa anapeleka mtoto shule akasimama ghafla, akamnyanyua mtoto, akanipigia kelele: "Kijana, funga hiyo jibwa yako!"

Alikuwa na haki. Ningekuwa na mtoto ningesema vivyo hivyo, pengine na mawe mkononi.

Lakini njiani kurudi nikaanza kujiuliza hii hadithi ya viwanja vya mbwa, tunayoiona kwenye filamu za Marekani, ilitoka wapi. Unajua vile: uzio, geti, mbwa ishirini wanakimbizana, wenye mbwa wameshika kahawa. Nilidhani ni mambo ya watu wenye pesa waliokosa shida za kufikiria. Nikasoma, na kumbe mwanzo wake ni vurugu, mabomu ya machozi na mtu aliyepigwa risasi juu ya paa.

Twende Berkeley, California. Mwaka wa 1967 Chuo Kikuu cha California kilichukua mtaa mmoja wa nyumba za watu karibu na kampasi, kikazibomoa mwaka uliofuata, kisha ardhi ikakaa hivyo tu. Matope, magari yameegeshwa ovyo, takataka. Aprili 1969 wanafunzi na wakazi wakaamua hawangoji ruhusa ya mtu. Wakaja na majembe, miche na nyasi, wakapanda maua, wakaweka bembea za watoto, wakapaita People's Park, yaani bustani ya watu. Alfajiri ya tarehe 15 Mei polisi wakaja, wakawafukuza waliokuwa wamelala pale, na uzio ukasimamishwa. Mchana maelfu wakaandamana kwenda kuudai uwanja wao. Polisi wakafyatua bunduki. James Rector, kijana wa miaka 25 aliyekuwa juu ya paa la jengo la karibu, akapigwa risasi na akafariki siku nne baadaye. Mwanamume mwingine akapofushwa macho. Gavana wa jimbo wakati huo alikuwa Ronald Reagan, na yeye akatuma wanajeshi. Siku chache baadaye helikopta ikapita juu ya chuo ikimwaga gesi ya machozi.

Sasa, watu waliofungiwa bustani wanafanya nini? Hawa walihamia ng'ambo nyingine ya mji. Kulikuwa na ukanda mrefu wa ardhi kando ya barabara ya Hearst, uliobaki wazi kwa sababu ya treni. Mwaka wa 1966 wapiga kura wa Berkeley walikubali kulipa kodi ya ziada ili reli ya BART ipite chini ya ardhi badala ya juu ya vichwa vyao. Ili kuchimba njia hiyo, nyumba za watu ziliondolewa. Treni ikaingia chini, juu pakabaki peupe. Wanaharakati wakapanda miti pale pia, wakapaita tawi la bustani ya watu. Mvutano wa jengo lipi lijengwe na nani aamue ulidumu miaka kumi hivi, na mwishowe ukanda ukawa bustani ya umma yenye jina la Ohlone, wenyeji asilia wa eneo lile, ambao wao hawakurudishiwa ukanda huo. Hilo nalo tuliweke hapo, maana kila bustani ina mtu aliyekuwepo kabla yake.

Ndani ya bustani hiyo, mwaka wa 1979, ndipo kona moja ikatengewa mbwa kukimbia bila kamba. Husemwa kuwa ndiyo ya kwanza ya aina yake Marekani. Wenye mbwa walikuwa tayari wanaitumia ardhi ile ilipokuwa haina mwenyewe, na jiji lilipoanza kupanga mambo wakajikuta karibu wafukuzwe. Wakaunda chama, wakajitolea kupatunza wenyewe, jiji likakubali iwe majaribio. Mmoja wa waliopigania jambo hilo alikuwa Martha Scott Benedict, na uwanja huo una jina lake hadi leo.

Kinachonivutia hapa ni ile kazi ya kuchosha iliyofuata, kuliko hata mapambano. Uwanja wa mbwa ukikaa bila sheria unakufa kwa mwezi mmoja. Kwanza, mavi. New York ilipitisha sheria ya kumlazimisha mwenye mbwa kuokota mavi ya mbwa wake, ikaanza kufanya kazi Agosti 1978, na watu walicheka sana wakisema haitafuatwa. Ilifuatwa. Bila tabia hiyo hakuna jirani angevumilia kiwanja cha mbwa chini ya dirisha lake. Pili, nyasi. Mbwa thelathini wakikimbia kila siku hakuna nyasi inayobaki, ndiyo maana viwanja vingi humwagiwa vipande vya mbao au changarawe. Tatu, geti. Utaona mageti mawili na kijumba kidogo katikati: unaingia la kwanza, unalifunga, unamfungua mbwa kamba, ndipo unafungua la pili. Huo uvumbuzi mdogo umezuia mbwa wengi kuishia chini ya magari.

Na kuna sababu kamba hufunguliwa kabla ya mbwa kukutana na wenzake. Mbwa wakiwa huru hawaendeani uso kwa uso. Huja kwa kuzunguka, hunusana nyuma, mmoja huinama miguu ya mbele kifua kikigusa chini, maana yake tucheze. Ukimshika kwa kamba iliyokazwa umemnyima lugha yote hiyo. Anabaki na kubweka tu. Jaribu kusalimiana na mtu huku umevutwa shati kutoka nyuma uone.

Mwaka wa 1990 New York ikapata uwanja wake wa kwanza wa mbwa, ndani ya Tompkins Square. Huko nako tazama tarehe. Agosti 1988 polisi na wananchi walipigana kwenye bustani hiyohiyo, kwa sababu ya amri ya kuifunga usiku wakati watu wasio na makao walikuwa wanalala pale. Mwaka wa 1991 waliokuwa wamepiga mahema wakaondolewa na bustani ikafungwa kwa ukarabati. Mbwa walikuwa na uwanja, binadamu wakakosa pa kulala. Siwezi kujifanya sijaona hiyo. Wapo wanaosema uwanja wa mbwa ni dalili kwamba kodi ya nyumba mtaani inapanda, na kwa mji ule sina ubishi nao.

Nairobi je? Sisi tulianza kutoka upande tofauti kabisa. Walowezi walikuja na mbwa wao wa kuwinda na, kwa kukosa mbweha wa Ulaya, wakawakimbiza bweha kwenye nyanda. Karen Blixen, yule wa shamba chini ya Ngong, alikuwa na mbwa warefu wa Uskoti waliokuwa wanazurura shambani walivyotaka. Mbwa wa mzungu alikuwa na ekari elfu. Mfanyakazi alikuwa na kipande na kipande cha kuning'iniza shingoni. Wengi wetu tumerithi mbwa kutoka kwa picha hiyo: yuko upande wa ndani ya geti, na sisi tuko nje.

Ndipo tukapata kibao maarufu kuliko vyote mjini, MBWA KALI. Mwalimu wangu wa Kiswahili alikichukia, akisisitiza ni mbwa mkali, na kama ni wengi, wakali. Lakini kibao kiliendelea kushinda. Kiko Lavington, kiko Kayole, kipo hata kwenye mageti ambayo ndani hakuna mbwa, kuna kuku tu. Na ratiba ya mbwa wa Nairobi unaijua: mchana amefungiwa kibandani asione watu, kwa sababu akiwazoea hatabweka, kisha usiku soja anamfungulia. Ukifikiria, uwanja wetu wa mbwa upo, ni kompaundi kati ya saa tatu usiku na alfajiri. Anakimbia bila kamba, ila yuko kazini.

Ushago hali ni nyingine. Mbwa wa nyanya yangu hajawahi kuona kamba. Anakwenda mtoni na watoto, anarudi na ng'ombe, anajua mipaka ya kila boma kuliko chifu. Tatizo ni kichaa cha mbwa. Karibu vifo vyote vya binadamu vinavyotokana na ugonjwa huo huletwa na kuumwa na mbwa, dalili zikishaanza hakuna tiba, na ndiyo maana Kenya ina mpango wa kitaifa, ulioanza mwaka wa 2014, wa kuumaliza ifikapo 2030 kwa kuchanja mbwa kwa wingi. Kwa hivyo yule mama wa asubuhi hakuwa anaogopa meno tu. Mbwa aliyefunguliwa, kwa macho yake, ni mbwa asiyejulikana chanjo yake. Berkeley ya 1979 haikuwa na mzigo huo.

Na bado kuna Karura. Hekta 1,041 za msitu katikati ya jiji, uliotangazwa hifadhi mwaka wa 1932, na ambao miaka ya tisini ulianza kugawiwa kimyakimya wajenzi. Tarehe 8 Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walikwenda na miche kupanda, wakapigwa na majitu yaliyokodiwa. Yeye alipasuliwa kichwa, akaenda kituo cha polisi, na katika kitabu chake Unbowed anasimulia alivyoweka alama kwenye taarifa kwa damu yake mwenyewe. Wanafunzi wa vyuo wakaingia barabarani wiki hizo hizo. Nilipofika sehemu hiyo nikakumbuka Hearst: majembe, miche, uzio, virungu. Miaka thelathini kati yao.

Leo Karura ina uzio, lakini ni uzio wa kulinda miti. Unalipa getini, unaingia, na mbwa anaruhusiwa akiwa kwenye kamba. Wikendi utaona kila aina: wale wenye manyoya ya kuchanwa, na wale wetu wa rangi ya udongo, mkia umepinda, sikio moja limelala. Kwa wengi wetu nauli na ada ya kuingia si mchezo, hivyo mimi na Simba huenda mara moja kwa mwezi, mshahara ukiingia.

Mwezi uliopita tulipofika kwenye maporomoko alisimama, akamwona mbwa mwingine upande wa pili wa njia, akainama kifua chini mkia juu. Kamba ikakaza. Mwenye yule mbwa, mzee mmoja wa makamo, akaniangalia, akaangalia kamba yake. "Amechanjwa?" akauliza. Nikamwambia ndio, cheti kiko kwa simu. Akasema, "Nionyeshe, basi," nikaanza kutafuta picha.