Halmashauri Mpya, Wakazi Walewale: Nani Huulizwa Kabla Mipaka Haijachorwa?

Februari 2021 Rais John Magufuli aliivunja Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, na hadhi ya jiji ikahamia iliyokuwa Manispaa ya Ilala. Hadi siku hiyo mkazi wa Mbagala, Mbezi au Kigamboni alikuwa na halmashauri mbili juu yake, ya manispaa na ya jiji. Baada yake alibaki na moja, na neno "jiji" likabaki kwa jirani zake wa Kariakoo na Gongo la Mboto. Hoja ya Serikali ilikuwa nzito: halmashauri ya jiji haikuwa na eneo wala wananchi wake yenyewe, kwa kuwa kila kata ilikuwa tayari chini ya manispaa mojawapo, na vikao vya ngazi ya pili viligharimu fedha.

Makala haya hayapingi hoja hiyo. Yanahoji njia iliyotumika. Uamuzi ulishuka kutoka juu, na wakazi wa mkoa ambao sensa ya 2022 iliwahesabu kuwa 5,383,728 waliusikia kwenye taarifa ya habari.

Wala hiyo haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji ilivunjwa na nafasi yake kuchukuliwa na Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja. Mwaka 2000 mabaraza yalirejea kwa sura mpya: jiji moja juu, na chini yake manispaa tatu za Ilala, Kinondoni na Temeke. Miaka 15 hivi baadaye Ubungo ilimegwa kutoka Kinondoni na Kigamboni ikamegwa kutoka Temeke. Kisha ikaja 2021. Ndani ya robo karne, mkazi aliyezeeka katika nyumba ileile ya Manzese amebadilishiwa muundo wa utawala mara nne.

Anayetetea mabadiliko ya haraka ana ushahidi wake, na inafaa usikilizwe kwa haki. Tume ya Keenja haikuwa na madiwani, lakini watu wengi wa Dar es Salaam wanaikumbuka kwa taka zilizozolewa, barabara zilizozibwa mashimo na mapato yaliyopanda. Kama tume ya kuteuliwa iliweza kufanya hivyo, kwa nini mkutano wa mtaa usumbuliwe? Jibu limo katika historia ndefu kuliko ile ya tume hiyo. Mwaka 1972 Serikali, ikiongozwa na ushauri wa kampuni ya McKinsey ya Marekani, ilianzisha mpango wa madaraka mikoani. Halmashauri za wilaya zilifutwa, na zile za miji zikafuata. Kwa karatasi mpango ulilenga kusogeza maamuzi karibu na wananchi. Kwa vitendo ulisogeza watumishi wa Serikali Kuu karibu na wananchi, jambo ambalo ni tofauti kabisa. Huduma za miji zilidorora kiasi kwamba mwaka 1978 ilibidi itungwe sheria ya mpito ya kurejesha mabaraza ya miji, na mwaka 1982 zikapitishwa Sheria Na. 7 ya mamlaka za wilaya na Na. 8 ya mamlaka za miji. Mwalimu Nyerere mwenyewe, katika mahojiano ya 1984, aliutaja ufutaji wa serikali za mitaa pamoja na uvunjaji wa vyama vya ushirika kuwa mambo ambayo asingeyarudia kama angeanza upya. Kiongozi wa hadhi yake kukiri hivyo akiwa bado Ikulu ni jambo ambalo wapanga sera wa leo wangepaswa kulisoma kwa makini zaidi kuliko wanavyolisoma.

Kwa hiyo swali la kasi si dogo, ila limewekwa mahali pasipo pake. Tume inaweza kuzoa taka kwa haraka. Haiwezi kuamua kwa niaba ya wakazi ni nani atakayekuwa na wajibu wa kuzoa taka hizo miaka 20 ijayo, na mkazi atamwendea nani pale zisipozolewa.

Tena muundo wa halmashauri haubadiliki kwa mipaka peke yake. Mabadiliko makubwa zaidi ya miaka ya karibuni yamepita bila ramani yoyote kuchorwa upya. Mwaka 2003 kodi ya maendeleo ilifutwa, na halmashauri za vijijini zikapoteza chanzo cha mapato ambacho, pamoja na kero zake zote, kilikuwa chao. Mwaka 2017 barabara za mitaa na vijiji zilihamishiwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA. Kodi ya majengo ilichukuliwa na Mamlaka ya Mapato, na Agosti 2021 ikaanza kukatwa mkazi anaponunua umeme wa LUKU. Kila hatua ilikuwa na sababu yake ya kitaalamu. Ukiziweka pamoja, diwani wa leo akisimama mbele ya wapiga kura walioharibikiwa na barabara yao ya mtaa, jibu lake la kweli ni kwamba barabara hiyo ni ya TARURA. Amechaguliwa na watu kwa kura zao, lakini jambo wanalomuuliza limeondolewa mezani kwake bila wao kuulizwa. Hapa ndipo ushirikishwaji unapokuwa na maana halisi, kwa sababu anayehamisha mamlaka anahamisha pia mlango ambao mwananchi atabisha hodi.

Kusema kweli, Tanzania haikosi vyombo vya kuwauliza wakazi. Ibara ya 146 ya Katiba inataja kupeleka madaraka kwa wananchi kuwa ndiyo madhumuni ya serikali za mitaa. Mkutano mkuu wa kijiji, unaomjumuisha kila mkazi aliyefikisha miaka 18, ni chombo cha kisheria ambacho nchi nyingi hazina. Hata utaratibu wa kugawa maeneo huanzia chini: maombi hupita mkutano wa kijiji au mtaa, kamati ya maendeleo ya kata, baraza la madiwani, kamati ya ushauri ya wilaya, kisha ya mkoa, ndipo yafike TAMISEMI, ofisi ya Serikali Kuu inayosimamia serikali za mitaa. Kasoro iko katika mwelekeo. Ngazi hizo zimejengwa kupandisha maombi ya kugawanywa. Hakuna ngazi inayoshusha kwa wakazi mpango uliobuniwa juu, na hakuna anayewajibika kuwarudishia majibu. Matokeo yake, njia ya kawaida ya wananchi kushiriki imekuwa kuomba wilaya au halmashauri mpya kwa tumaini kwamba makao makuu yatajengwa kwao. Mwaka 2012 ilianzishwa mikoa ya Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, na mwaka 2016 Songwe. Halmashauri za Tanzania Bara sasa ni 184. Mjadala wa kila mgawanyo huishia pale pale: makao makuu yakae wapi. Madeni, magari, watumishi na vyanzo vya mapato vitagawanywaje ni maswali yanayobaki ofisini.

Kenya ilichagua njia nyingine, na ni vyema kuitazama bila kuipamba. Katiba ya 2010 ilifungua njia ya kuondolewa kwa mabaraza 175 ya miji na wilaya, na tangu Machi 2013 kuna kaunti 47. Ibara ya 196 inalilazimisha bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi katika kazi zake. Sharti hilo lilipata meno mapema. Aprili 2014, katika kesi iliyofunguliwa dhidi ya Gavana wa Kiambu, Jaji George Odunga wa Mahakama Kuu aliibatilisha Sheria ya Fedha ya kaunti hiyo ya 2013 kwa kukosa ushirikishwaji wa kutosha. Alieleza kwamba haitoshi serikali kutimiza wajibu huo kwa jina tu. Inapaswa kuwafuata watu wanakokusanyika, makanisani, misikitini, mabarazani na kwenye redio za lugha za wenyeji. Kaunti ya Makueni, chini ya Gavana Kivutha Kibwana, ilikwenda mbali zaidi: mapendekezo yalianzia kijijini na kupanda ngazi kwa ngazi, na kamati za wananchi zikapewa sauti ya kuthibitisha kazi ya mkandarasi kabla hajalipwa. Mahali pengine nchini humo vikao vya aina hii hulalamikiwa kuwa vya kusaini mahudhurio tu. Lakini mwananchi wa Kiambu alikuwa na mahakama ya kukimbilia, na hiyo ndiyo tofauti ya msingi na jirani yake wa kusini.

Dar es Salaam yenyewe ina mfano wa kuigwa. Katikati ya miaka ya 1990, huko Hanna Nassif, Kinondoni, wakazi walishiriki kupanga mifereji ya maji ya mvua na barabara za ndani, na wengi wao wakalipwa kuijenga kwa mikono yao. Mwaka 2018 mpango wa bonde la mto Msimbazi ulijadiliwa kwa miezi kadhaa katika warsha zilizowakutanisha wahandisi, maofisa na wakazi wa bondeni. Mto huo unatoka milima ya Pugu na kupita katika maeneo ya halmashauri zaidi ya moja kabla ya kuingia baharini. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliyoua zaidi ya watu 40 hayakuangalia nani yuko Ilala na nani yuko Kinondoni. Kazi ya kuziunganisha halmashauri hizo ndiyo hasa iliyotarajiwa kwa halmashauri ya jiji iliyovunjwa. Kama wakazi wa Jangwani na Kigogo wangeulizwa mwaka 2021, wangekuwa na la kusema kuhusu pengo hilo, kwa sababu wao ndio maji huwafuata vitandani.

Kinachohitajika si kura ya maoni kwa kila kata. Inatosha sheria za 1982 zirekebishwe ili pendekezo lolote la kuunda, kuunganisha, kuvunja au kunyang'anya halmashauri majukumu libandikwe katika ofisi za kata na mitaa likiwa na hesabu za mali, madeni na mapato; lijadiliwe katika mikutano ya hadhara; na Waziri ajibu hoja za wakazi kwa maandishi kabla tangazo halijatoka kwenye Gazeti la Serikali. Uamuzi ukikiuka hayo, mahakama iwe na uwezo wa kuubatilisha. Wabunge wanaorudi majimboni wakiahidi halmashauri mpya wana nafasi ya kuwasilisha marekebisho hayo, na wapiga kura wao wawadai hilo kwanza kabla ya kudai makao makuu.