Mtipitipi: majani ya kikohozi, mbegu zenye sumu

Mtipitipi ni mmea unaotambaa na kujizungusha kwenye miti, vichaka na uzio. Kuna wanaouita mturituri. Jina lake la kitaalamu ni Abrus precatorius. Wengi tunaujua kwa mbegu zake: nyekundu, zinazong'aa, zenye doa jeusi upande mmoja, na ukubwa wa karibu punje ya mbaazi.

Mmea huu umetumika kwa muda mrefu katika dawa za asili, lakini mbegu zake zina sumu inayoweza kuua mtoto. Mama na mlezi anapaswa kujua yote mawili.

Utautambuaje?

- Majani yake yanafanana na ya mkwaju: vijani vidogo vimepangana jozi jozi.
- Maua ni ya zambarau hafifu au waridi.
- Maganda ni mafupi. Yakikauka hupasuka na kujikunja, na mbegu hubaki zimeshikilia juu yake. Ndiyo maana watoto huziona kwa urahisi na kuzichuma.

Unatumikaje?

Majani yana utamu. Watu huyatafuna au kuyachemsha kwa ajili ya kikohozi na koo linalowasha. Mbegu hutungwa shanga, bangili, tasbihi na rozari, na hutiwa ndani ya kayamba ili litoe sauti.

Kwa nini mbegu ni hatari?

Ndani ya mbegu kuna sumu iitwayo abrini. Huzuia seli za mwili kutengeneza protini, na seli hizo hufa. Mbegu nzima ina ganda gumu, hivyo ikimezwa bila kutafunwa mara nyingi hutoka na choo. Hatari kubwa huja pale inapotafunwa, kusagwa au kutobolewa. Hata mbegu moja iliyotafunwa inaweza kuhatarisha maisha ya mtoto.

Sasa fikiria shanga. Ili ipite uzi, kila mbegu imeshatobolewa. Kliniki, ninapomvua mtoto nguo ili nimpime uzito, wakati mwingine nakuta amevalishwa mbegu hizi mkononi au kiunoni. Mtoto anayeota meno hutia kila kitu mdomoni. Tafadhali mvue.

Dalili za sumu

Zinaweza kuanza baada ya saa chache, au kuchelewa siku moja hadi tatu:

- kutapika na maumivu ya tumbo
- kuharisha, wakati mwingine damu
- kukaukiwa maji: macho kuzama, mdomo mkavu, mkojo kidogo
- kulegea, usingizi usio wa kawaida au degedege

Mtoto akimeza au akitafuna mbegu

1. Toa zilizobaki mdomoni mwake.
2. Usimtapishe. Usimpe mafuta, majivu wala maji ya sabuni.
3. Mpeleke hospitali mara moja, hata kama anacheza na anaonekana mzima. Usisubiri dalili.
4. Nenda na mbegu au tawi la mmea, na useme alikula saa ngapi.
5. Kama ameshaanza kuharisha, yu macho na anaweza kumeza, mpe ORS kidogo kidogo njiani. Anayenyonya aendelee kunyonya.

Hakuna dawa ya kuiondoa sumu hii yenyewe. Hospitali humsaidia mtoto kwa maji ya mshipani na uangalizi wa karibu, kwa hiyo kuwahi ndiko kunakookoa.

Je, naweza kumpa mtoto majani kwa kikohozi?

Bibi zetu waliyatumia, na sitawadharau. Lakini hakuna kipimo kilichothibitishwa kuwa salama kwa mtoto, na ni rahisi mbegu kuchanganyika na majani wakati wa kuchuma. Ushauri wangu ni huu:

- Mtoto chini ya miezi 6: maziwa ya mama pekee. Asipewe dawa yoyote ya miti shamba.
- Zaidi ya mwaka 1: kijiko kidogo cha asali au kinywaji cha uvuguvugu hutuliza koo. Asali asipewe mtoto chini ya mwaka 1.
- Mama mjamzito: usitumie sehemu yoyote ya mmea huu.

Kikohozi chenye dalili hizi hakitibiwi nyumbani: kupumua haraka, kifua kubonyea ndani anapovuta pumzi, kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu, degedege au kulegea sana. Wahi kituo cha afya siku hiyo hiyo, na kama ulishampa dawa ya asili, tuambie. Hatukuulizi ili tukugombeze. Tunauliza ili tumtibu vizuri.

Fanya leo

Zunguka uzio wa nyumba yako. Ukiuona mtipitipi, ung'oe na uokote mbegu zilizoanguka. Kagua shanga na midoli ya watoto, na kayamba lililopasuka usiwaachie wachezee. Kisha waonyeshe wakubwa mbegu moja, waijue, wamlinde mdogo wao.