Kinu, Kumbukumbu na Mfereji

Kompyuta iliingia Wizara ya Fedha ya Tanzania mwaka 1965, miaka miwili kabla ya sheria iliyounda Baraza la Kiswahili la Taifa. Mwaka 1974 Serikali ikazuia uingizaji wa mashine hizo, na istilahi zake zikakosa watumiaji kwa muda mrefu. Mjadala uliofuata ulihusu zaidi jina la mashine nzima: kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Viungo vya ndani, ambavyo ndivyo humtaabisha mwalimu, vilisahauliwa.

Hata kwa wenyewe walioibuni, majina yalikuwa ya kuazima. Charles Babbage, alipobuni mashine yake huko Uingereza katika miaka ya 1830, alikiita kiungo cha kukokotolea “kinu”, na mahali pa kuwekea tarakimu “ghala”. John von Neumann, katika taarifa yake ya mwaka 1945 juu ya mashine ya EDVAC, aliiacha lugha ya kiwanda akashika ya mwili: sehemu za mashine zikawa viungo vilivyofananishwa na neva, na ghala likawa kumbukumbu. Jina hilo tumelirithi, nalo limetufaa.

Tatizo li katika njia inayounganisha kumbukumbu na kichakataji, ipitishayo maagizo na data. Mfasiri akiiita “basi”, mwanafunzi huwaza gari. Asili yake ni neno la Kilatini “omnibus”, yaani “kwa wote”. Tukiandika basi tumeazima sauti, maana tumeiacha ng’ambo.

Kwa maoni yetu jina lifaalo ni mfereji, na mfano wake uko Digodigo, wilayani Ngorongoro. Wabatemi, ambao vitabu vya zamani huwaita Wasonjo, hulima kwa maji ya chemchemi na mito yaongozwayo kwa mifereji. Robert F. Gray, katika kitabu chake cha mwaka 1963, alieleza jinsi baraza la wazee, wenamiji, lilivyogawa maji hayo kwa zamu: wenye haki ya kwanza walitangulia, wengine wakafuata, na asiye na haki akaomba. Ndani ya kompyuta mambo ni hayo hayo. Vifaa vingi hutumia njia moja, viwili haviwezi kupitisha data yao kwa wakati mmoja, na kidhibiti huamua kipi kitangulie. Neno zamu tunalo tayari. Hatuna haja ya kuunda jingine.

Mwaka 1977 John Backus aliilaumu njia hiyo kuwa nyembamba mno, akaifananisha na shingo ya chupa. Mkulima wa Digodigo hahitaji chupa: shamba likipanuliwa na mfereji ukabaki ulivyo, maji hayaongezeki. Vivyo hivyo kichakataji chenye kasi hukaa kikisubiri kumbukumbu.

Yupo atakayesema kwamba mjini mfereji humkumbusha mtu maji machafu. Huo tunauita mtaro. Na jina letu hunyumbulika vyema: mfereji wa data, mfereji wa anwani, mfereji wa udhibiti.