Neno, karatasi na kapita: namna tulivyokodisha mashamba kwetu



Katika mikutano yetu ya Kashebere swali moja linarudi kila mara: nani alimpa nani shamba, na kwa masharti gani? Wengi wetu tuliporudi tulikuta mtu analima pale tulipoacha maharagwe. Si mwizi. Anasema alikodi ao alinunua, na hakuna barua hata moja.

Wakati wa wazee, mwami na wakubwa wa ukoo ndio waligawa udongo. Mtu alileta mbuzi ao pombe ya ndizi, akaonyeshwa mipaka mbele ya watu. Neno lilitosha juu mashahidi walikuwa palepale kila siku.

Tangu 1937 mpaka 1955 Wabelgiji walileta familia nyingi toka Rwanda mpaka Masisi, na mashamba makubwa ya Wazungu yakakata udongo wa vijiji. Kisha ikaja sheria ya tarehe 20 Julai 1973: udongo wote ni wa Serikali. Kifungu chake cha 389 kiliahidi kwamba Rais atatoa ordonansi juu ya udongo wa wenyeji. Ilipita miaka zaidi ya 40, haikutoka. Mwaka ule ule wa 1973, kwa zairianisation, mashamba ya wageni yakapewa wakubwa wa nchi. Wao walipata cheti. Mkulima alibaki na neno.

Hapo ndipo salongo ilishika nguvu. Unataka kipande cha kulima ndani ya ferme? Unafanya kazi ya mwenye ferme siku kadhaa kwa juma, ndiyo loya yako. Risiti hakuna. Mwenye ferme yuko Goma ao Kinshasa, na anayejua hesabu ni kapita. Kapita akifukuzwa, hesabu inaanza upya, na kila mara ni mkulima anayeonekana mwenye deni.

Mwezi wa tatu 1993 mauaji yalianza sokoni Ntoto, huko Walikale, yakapanda mpaka Masisi. Watu walikimbia, na mashahidi wakakimbia nao. Tangu hapo tumekimbia tena na tena, na wazee walioonyeshwa mipaka wamezikwa mbali.

Kwa nyumba, sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 inasaidia kidogo: inataka mkataba wa kuandika, na garanti ya nyumba ya kuishi isipite miezi 3. Wanamemba wenye nyumba za kupangisha, na tunawajua wanaodai 6, wasome hapo mara mbili. Kwa mashamba hatukuwa na kitu kama hicho, ndiyo maana tumeandika fomu yetu wenyewe.

Ni ukurasa mmoja: majina, mipaka (mto, mti, jirani), sezoni ngapi, loya ni franka, maharagwe ao siku za kazi, na siku hizo zinahesabiwa. Mstari uliotuchukua jioni mbili kubishana ni huu: vita ikikimbiza mmoja, kodi inasimama, na shamba halihesabiwe kuwa limeuzwa. Wengine walitaka mwisho wa miaka miwili. Tulikataa, kuna waliokaa kambini zaidi ya hapo.

Nakala ni tatu: ya mwenye shamba, ya mkodi, na moja ya sekretari wetu, ambaye anaipiga picha kwa telefone juu karatasi inachomeka. Fomu ziko kwake. Mje na kalamu, zetu zimekwisha.