Simu ya mkononi na kijana mwenye ugonjwa sugu wa utumbo

Wadau, leo tuzungumzie ugonjwa ambao wengi wanaona aibu hata kuutaja. Magonjwa sugu ya uvimbe wa utumbo ni mawili makubwa. La kwanza ni Crohn, lenye jina la Dk. Burrill Crohn wa New York aliyeueleza na wenzake wawili mwaka 1932. La pili ni kolaitisi ya vidonda, linaloshambulia utumbo mpana. Mgonjwa anaharisha wiki kwa wiki, pengine na damu, tumbo linasokota, uzito unashuka. Mtoto anaweza kudumaa na kuchelewa kubalehe. Dawa ya kuumaliza kabisa hakuna. Unatulizwa tu, halafu siku moja unaibuka tena. Karibu robo ya wagonjwa hugundulika kabla ya miaka 20.

Shida ya vijana inajulikana. Akipata nafuu anaacha dawa. Akiulizwa na daktari habari za choo anajibu "poa tu", wakati usiku ameamka mara tatu. Hapo ndipo simu inapoingia.

Vifaa vyenyewe ni vya aina tatu:

1. Shajara ya dalili. Kwa kolaitisi kuna kipimo cha maswali 6 kilichochapishwa 2007: maumivu ya tumbo, damu, ulaini wa choo, idadi ya choo kwa siku, kuamka usiku, na uwezo wa kufanya shughuli. Alama ni 0 hadi 85. Chini ya 10 ugonjwa umetulia. 65 na kuendelea ni hali mbaya.

2. Kipimo cha choo nyumbani. Utumbo ukivimba, protini iitwayo kalprotektini huongezeka kwenye choo, mara nyingi kabla kijana hajasikia lolote. Kuna vipimo ambavyo kamera ya simu inasoma jibu.

3. Kikumbusho cha dawa na ujumbe wa moja kwa moja kwa nesi.

Je, vinasaidia? Denmark waliwajaribu wenye miaka 10 hadi 17, matokeo yakatoka 2017: waliotumia tovuti walikwenda hospitali mara chache na walikosa shule siku chache zaidi, bila ugonjwa kuzidi. Uholanzi nako, utafiti wa 2018 wa vijana wa miaka 10 hadi 19 ulionyesha ugonjwa uliibuka kwa kiwango kile kile kama kwa wale wa kliniki za kawaida, ila gharama zilipungua. Kwa hiyo tusidanganyane: simu haiponyi. Inachofanya ni kumwita mgonjwa kliniki anapohitaji, si kwa sababu tarehe imefika.

Tahadhari sasa. Programu bila daktari anayesoma majibu ni daftari tu. Na huku kwetu, kifua kikuu cha utumbo na amiba vinaweza kufanana kabisa na magonjwa haya, kwa hiyo vipimo hospitalini vitangulie. Damu nyingi, homa au maumivu makali? Usijaze fomu, kimbia hospitali.

Wazazi, mwacheni kijana ajaze mwenyewe, na simu yake iwe na namba ya siri. Akijua kaka zake wanasoma habari za choo chake, ataandika uongo, na uongo huo ndio daktari atakaoutibu. Kama hana programu, maswali yale 6 yanatosha kwenye daftari la shule. Mnasemaje wadau?