Aliyesimama Nyuma

Picha pekee ya babu yangu ni ile ambayo haonekani. Mbele amekaa mgeni wa siku hiyo, kofia mapajani. Vifungo vya koti lake unaweza kuvihesabu. Hatua nne nyuma yake kuna umbo refu lenye shati jeupe. Dani huweka kidole pale: "Huyu ndiye babu yako." Mimi naona ukungu tu.

Nilikuja kuelewa nilipoanza kupiga picha za harusi hapa Kisumu. Lenzi ina tundu la kuingizia mwanga. Chukua lenzi ya milimita 50, mlenge mtu aliye mita 3 mbele yako. Tundu likiwa wazi, f/2.8, kinachotoka vizuri ni ukanda wa sentimita 60 hivi. Yaani mgeni na kiti chake, basi. Ukilibana hadi f/16, ukanda unaanzia karibu mita 2 na kufika mita 7. Babu angeingia! Ila mwanga unapungua mara 32, na mgeni akitikisika kidogo, picha imeharibika. Kwa hiyo mpiga picha alichagua. Simlaumu sana, lakini alichagua.

Mwaka 1936 mwanaanthropolojia Mwingereza, E. E. Evans-Pritchard, alipiga picha nyingi za Waluo, na zikaishia Pitt Rivers Museum kule Oxford. Mwaka 2007 Gilbert Oteyo na Christopher Morton walileta nakala Nyanza na kuzionyesha vijijini, kwenye boma za watu. Maonyesho waliyaita Paro Manene, kukumbuka ya kale. Nikiyafikiria, namwona Dani na kidole chake. Hifadhi inaweza kutunza karatasi miaka sabini, lakini jina la aliyesimama nyuma linajulikana nyumbani. Na huyo anayelijua anazeeka.

Siku hizi simu inaweka ukungu yenyewe. Maharusi nikiwapeleka ufuoni Dunga wanautaka huo huo, wavuvi na mama wa samaki wafutike. Nawapa, si ni kazi? Halafu naomba moja ya mwisho. Nabana tundu hadi f/16, nawaambia watulie. Tukimaliza, nawaendea walio nyuma, nawauliza majina, naandika.

Jina la babu nimeliandika pia, nyuma ya ile picha, kwa penseli. Dani ndiye aliyenitajia herufi.