Gari Likilala, Nani Anakula?

Nilipata leseni ya magari makubwa mwaka 1984, baada ya kuwa utingo kwa miaka mitano. Ulikuwa mwaka mzuri kwa dereva. Mpaka wa Namanga, uliofungwa mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, ulikuwa umefunguliwa Novemba 1983. Serikali nayo iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa wamezipata wapi. Malori ya watu binafsi yakaanza kuonekana Unga Limited, mengine yakinuka rangi mpya.

Waajiri wawili walinitaka. Wa kwanza ni kampuni ya umma: mshahara wa mwezi, likizo, makato ya NPF kwa ajili ya uzeeni, na posho kwa kila usiku wa safari. Wa pili ni tajiri mmoja wa Tengeru, mwenye Isuzu ya kubeba ndizi na maharage. Huyu hakuwa na habari za mshahara. Alilipa kwa tripu, mkononi, na kwa hesabu zangu tripu nne za Dar es Salaam zilishinda mshahara wa kampuni. Kijana gani angesita?

Hata hivyo nilipanda Nkoaranga kumwona baba mdogo. Yeye alipeleka mafuta Zambia baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965. Alibeba mapipa kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma na kuvuka, katika barabara ya vumbi na matope iliyoua madereva wengi. Alilipwa kwa tripu, na fedha hizo ndizo zilizoezeka bati nyumba tuliyokuwa tumekaa. Mwaka 1968 bomba la TAZAMA likaanza kusukuma mafuta hadi Ndola, tripu zikakatika. Hakufukuzwa, maana hakuwa ameandikwa popote.

"Usiulize nani analipa zaidi, mwanangu," akasema. "Uliza gari likilala, nani anakula?"

Nikaenda kuuliza. Tajiri alicheka, akasema gari lake halilali. Kule kampuni, karani alinionyesha uani: malori yako juu ya mawe kwa kukosa vipuri na matairi, na kiwanda cha General Tyre kiko mji huu huu! Madereva walikuwa chini ya mti wakicheza bao. Walikula, ndiyo, lakini mshahara mtupu. Posho, ambayo hasa ndiyo iliyolisha watoto, ilifuata magurudumu.

Nilimchagua tajiri. Wakati wa mavuno nilipata kuliko nilivyotarajia. Masika barabara za mashambani zilipokatika, sikupata kitu. Giaboksi ilipovunjika Korogwe nililala chini ya gari siku tisa nikilinda mzigo wake, bila senti.

Kampuni ile ilikufa miaka ya tisini, kama mashirika mengi ya umma. Mwaka 1997 NPF ilipogeuzwa kuwa NSSF, rafiki yangu mmoja wa pale kwenye bao aliniomba twende pamoja kufuatilia michango yake. Karani alipomaliza naye akanigeukia, akaniuliza namba yangu ya uanachama.

Nikamwambia nimemsindikiza tu mwenzangu.